Ukurasa Ambao Elungat Hakuusema

Elungat alitia sahihi ukurasa wa thelathini na mbili huku akitafuna karanga. Aliandika herufi zake moja moja, kubwa, zimeinama mbele kama watu wanaopanda mlima, na alipomaliza akaupuliza wino ukauke. Karatasi ilikuwa juu ya meza yangu, kwenye baraza ya duka la Mzee Jamilu hapa Busia, na ndani yake, kwa mwandiko wangu wa darasa la nne, yalikuwamo maneno ya kumfuata maisha yake yote. Hakuyasoma. Elungat alijua kuandika jina lake na kusoma saa ya kupimia mbio, basi.

"Hii ndiyo ya mwisho?" akaniuliza.

"Ndiyo ya mwisho."

"Mama Loy, wewe mtu mzuri sana. Mungu akuongeze."

Nikaichukua karatasi, nikaiweka chini ya zile nyingine. Kwa mkono huu nimelea watoto saba na wajukuu kumi na tisa, na wote watakuambia ni mkono mpole. Siku ile ulikuwa wa chuma.

Ilikuwa mwaka wa 1960, kabla ya mvua za masika. Wakati huo nilikuwa mwanamke wa miaka ishirini na sita. Jina langu ni Nangila, na nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, nikaolewa upande huu wa Uganda. Nilikuwa naandika barua za watu. Wanawake waliokuwa na waume kwenye mashamba ya miwa, akina mama waliotaka kujua kama watoto wao walio mbali bado wanakula, wote walikuja kwangu. Meza sikuwa nayo. Hajarah, mke wa Mzee Jamilu, alinipa ya cherehani yake siku cherehani ilipoharibika, na ilipopona hakuidai. Alishonea mapajani mwezi mzima kabla sijagundua. Watu kama hao wapo, na mimi huwakumbuka kwa majina.

Mume wangu ndiye Egau. Kwa sababu yake ninaandika haya.

Egau na Elungat walikuwa watoto wa Buteba, vibanda vya baba zao vilitazamana. Walichunga ng'ombe pamoja, na pamoja wakagundua kwamba miguu yao haikuwa ya kawaida. Walikuwa wakikimbia kutoka Buteba mpaka Tororo siku ya soko, wanaugusa ukuta wa stesheni ya reli, wanarudi kabla jua halijakaa sawa kichwani. Egau alikuwa mbele daima. Si kwamba alimshinda mwenzake kwa kiburi. Alikuwa mbele jinsi pua ilivyo mbele ya uso.

Alipofika miaka kumi na saba, Egau alivuka mpaka akafanye kazi kwenye reli ya Kenya. Kule walimpa kipande, ile karatasi ngumu yenye alama ya dole gumba lake, na aliporudi nyumbani hakuitupa. Hakuna aliyetupa. Sisi watu wa mpaka tulidhani karatasi mbili ni bora kuliko moja. Kama askari wa upande huu anakusumbua, unatoa hii. Kama ni wa upande ule, unatoa ile. Mjomba wangu alikuwa nazo tatu na hakuna hata moja yenye jina lake. Egau alitembea na kipande chake mfukoni mwa shati kama watu wengine wanavyotembea na kitana.

Mwaka wa 1953 Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alitangaza mbio za kuchagua vijana wa kuiwakilisha Uganda ng'ambo. Maili tatu, uwanjani Tororo, chini ya ule mwamba mkubwa wa mji. Wangechukuliwa wawili tu. Egau akawa wa kwanza, kijana wa Mbale wa pili, Elungat wa tatu. Watu walikuwa wamembeba Egau mabegani alipoitwa mezani. Karani alikuwa ameshika kipande.

"Hiki ni cha nani?"

Egau si mtu wa kusema uongo. Akasema, "Ni changu."

"Kinasema wewe mtu wa Kenya."

"Nyumbani ni Buteba, bwana."

"Kinasema Kenya."

Wakalifuta jina lake kwa rula na wino mwekundu, mbele ya macho yake. Elungat akaandikwa mahali pake. Mashati yao yalikuwa kwenye furushi moja, na Elungat alikuwa amelikalia. Egau alimtazama mara moja. Elungat alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, naye hakuwa na viatu vya kamba. Alikuwa anafunga hewa.

Hayo Egau alinisimulia mara moja tu, mwaka tulipooana, huku ananipalilia mahindi. Tororo walimpa jina la "Mkenya", na wengine walisahau kwamba ana jina jingine. "Mkenya, njoo ushike jembe." "Mkenya, mpe mgeni kiti." Tangu siku ile hakukimbia tena, hata mvua ikija. Alitembea ndani ya mvua kama mtu anayepita sebuleni kwake. Mimi niliyekuwa mlangoni na taulo ndimi niliyekuwa nakimbia, kwa moyo, miaka yote ile. Nilikuwa namkimbiza Elungat.

Naye Elungat alikwenda ng'ambo. Akarudi na nishani, akaenda tena. Alikaa Kampala, alikaa Jinja, picha yake ilibandikwa kwenye maduka. Buteba hakuonekana. Ndiyo maana hakunijua.

*

Alikuja barazani akiwa amevaa koti la timu, kwenye joto lile, na barua mkononi. Ofisi moja ya kuchapisha vitabu vidogo ilikuwa inatafuta maisha ya Waafrika mashuhuri, yaandikwe kwa Kiswahili, ili watu wa pande zote wasome. Kila ukurasa uwe na sahihi ya mwenye maisha. Mzee Jamilu alimwonyesha meza yangu.

"Huyu ndiye Mama Loy. Anaandika kama mashine, lakini yeye hapigi kelele."

"Mama Loy, mi nina kitabu hapa kichwani," Elungat akasema, akajigonga paji la uso. "Wewe toa tu."

Nilimtambua kabla hajataja jina. Nikamwambia aketi.

Alikuja siku tatu kila juma, na hakuja Jumamosi, siku ambayo Egau alikuwa akirudi kutoka kazi ya barabara kule Mulanda. Sikupanga hivyo. Ilitokea tu, nikaiacha itokee. Aliniuliza mara moja, "Baba Loy yuko wapi?" Nikamjibu, "Anatengeneza barabara." Akasema, "Hiyo kazi ngumu. Mpe salamu." Sikuzifikisha.

Alisema na mimi nikaandika. Andika, nilishinda Jinja. Andika, nilishinda Nakuru, nikapata kikombe kikubwa kama sufuria. Andika, mzungu mmoja aliniambia mapafu yangu ni kama ya farasi. Vikombe juu ya vikombe. Kila ukurasa mtu yule yule alianza mbio, akamaliza mbele, akapigiwa makofi. Nilikuwa nangoja mwaka wa 1953. Kalamu yangu ilikuwa inaungoja jinsi paka anavyongoja kando ya ghala. Ulipofika, Elungat alikohoa kidogo.

"Andika: Tororo nilichaguliwa kati ya vijana wengi."

"Wengi wangapi?"

"Wengi tu."

"Hakuna aliyekusumbua?"

"Kulikuwa na mmoja, lakini yeye aliugua. Usiandike huyo."

Sikuandika. Nilimpa nafasi ya kwanza, akaipita.

Tukapeleka kurasa thelathini na moja. Baada ya wiki sita zikarudi, na barua juu yake. Aliyeiandika alikuwa mtu wa adabu. Alisema mwandiko ni safi na Bwana Elungat ni mkimbiaji mkubwa, lakini vitabu vya namna hii walikuwa navyo sanduku zima. Alisema msomaji anajua tangu mwanzo kwamba mkimbiaji atashinda, maana asingeshinda asingeombwa kitabu. Kisha akauliza: je, hakuna siku aliyoshindwa? Hakuna mtu aliyemsaidia, au mtu aliyemkosea? Atupe ukurasa mmoja wa namna hiyo, nasi tutakichapa.

Nilimsomea Elungat barua yote, neno kwa neno, polepole. Sikumficha hata nukta. Nataka hilo lijulikane.

Akacheka mpaka koti likatikisika. "Hao watu wa ofisi! Mi sikukosea mtu."

"Hebu fikiri tena, Bwana Elungat. Hata mmoja?"

"Hakuna."

"Hata zamani? Hata rafiki?"

Akatazama barabara. Lori la pamba lilikuwa linapita, likatufunika vumbi, na vumbi lilipotulia uso wake ulikuwa umetulia pia.

"Mama Loy, wewe unajua maneno. Weka kitu hapo, chochote cha kuwafurahisha. Mi nitatia sahihi."

Hiyo ilikuwa nafasi ya tatu.

Sikuandika siku ile. Nilirudi nyumbani nikiwa na karatasi tupu kifuani, na usiku kucha sikulala kwa furaha. Lakini asubuhi Loy wangu, aliyekuwa na miaka minne, aliamka mwili unawaka, macho yamegeuka. Nikambeba mpaka barazani, sijui nilitaka nini huko, labda Hajarah. Elungat alikuwa amewahi kuja, amekaa kwenye baiskeli ya Mzee Jamilu, anamchekesha mtu. Aliponiona hakuuliza swali. Alivua lile koti la timu ambalo hakulivua hata jua la saa saba, akamfunga mtoto nalo mgongoni mwake, akaondoka kwa baiskeli ile. Ni mwendo mrefu mpaka zahanati na njia ilikuwa mashimo matupu. Nilipofika kwa miguu, Loy alikuwa amekwisha kuchomwa sindano, analamba sukari kwenye kiganja cha Elungat. Daktari msaidizi aliniambia angechelewa kidogo tungezungumza mengine.

Nilimshukuru Elungat. Nilimshika mikono yote miwili, nikapiga magoti, na shukrani ile ilikuwa ya kweli, imetoka chini kabisa.

Siku tatu baadaye, Loy alipoanza kula, niliketi nikauandika ukurasa wa thelathini na mbili.

Nimejiuliza sana juu ya hilo. Wema wake niliuona, nami ni mtu wa kuona wema. Nilimwombea kwa wema huo na ninamwombea mpaka leo. Lakini alimlipa Loy, si Egau. Mtu mmoja hawezi kupokea kwa niaba ya mwingine, hata wawe baba na mwana.

Niliandika hivi: "Mimi Elungat nina jambo la kusema. Mwaka wa 1953, Tororo, Egau wa Buteba alinishinda. Alikuwa mbele yangu kwa hatua kumi. Nilikitoa kipande chake cha Kenya mfukoni mwa shati lake, nikampa karani. Egau akafutwa, nikaandikwa mimi. Vikombe vyote vya kitabu hiki nilivipata nikiwa nimesimama mahali pa mtu mwingine. Egau yuko hai. Sijawahi kumwomba radhi."

Na yeye akatia sahihi, akitafuna karanga.

*

Kitabu kilitoka mwaka uliofuata, chembamba, jalada la kijani, picha ya Elungat akikata utepe. Nilikuwa nimeota mwaka mzima jinsi watakavyomzomea. Nilimwona akipita Tororo na watoto wanamwita mwizi. Nilimwona Bwana Shauri akimvua koti. Nilikuwa mpole mchana na mkatili kila nilipofumba macho.

Haikuwa hivyo. Watu walikipenda.

Walikipenda kupita kiasi. Kurasa thelathini na moja walizifunua haraka kama mtu anayetafuta mkasi kwenye sanduku la nguo, mpaka wafike ule mmoja. Nilisikia ukisomwa sokoni, ukisomwa stesheni. Pasta mmoja aliusoma kanisani akasema, tazameni mtu mkubwa anayejishusha. Mwalimu alisema ni Mwafrika wa kwanza aliyeandika aibu yake bila kulazimishwa. Bila kulazimishwa! Niliposikia hayo nilikuwa nakaanga simsim, ule ufuta wetu, nikaziacha zikaungua. Nilikuwa nimemvisha Elungat nguo asiyokuwa nayo. Nilimpa ujasiri kwa kalamu yangu, na dunia ikampigia makofi kwa ujasiri huo.

Mjukuu wangu Kevina huniletea siku hizi vitabu vya wachezaji wa mpira, ananisomea kwa sababu macho yangu yamechoka. Kila mara mimi humwambia: ruka mabao, nipeleke pale alipomsaliti mtu, au pale alipokaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo hataki kutoka. Kama hakuna, nirudishie shuka nilale. Yeye hucheka. Hajui kwamba jambo hilo nililijua kwa uchungu, kwamba kisu nilichokinoa nimchome nacho mtu ndicho kilichomfanya asomwe.

Egau hakuwa ameambiwa. Nilimwogopa zaidi kuliko nilivyomwogopa Elungat. Mtu alimsomea kule kwenye kambi ya barabara, na Jumamosi ile akarudi, akanawa miguu, akala, hakusema neno. Jumatatu alfajiri, jembe begani, akasimama mlangoni.

"Umeandika hatua kumi."

"Nimeandika," nikasema.

"Zilikuwa thelathini."

Akaondoka. Nikakaa chini palepale mlangoni nikacheka, nikalia, sikujua kipi ni kipi. Na wiki ile, kambini, msimamizi alipoita majina asubuhi, hakuita "Mkenya". Aliita "Egau". Egau mwenyewe alichelewa kuitika, akidhani ni mtu mwingine.

*

Elungat alikuja Jumamosi, siku ya soko, miezi minne baada ya kitabu. Hakuwa na koti. Alikuwa amekonda. Alisimama mbele ya meza yangu kama wale wanawake wanaokuja na barua ya kifo ambayo haijafunguliwa.

"Nimeuliza watu," akasema. "Baba Loy ni Egau."

"Ndiye."

"Shemeji, umeniua."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo. Nikamsogezea kiti. Hajarah akaleta chai bila kuambiwa, akaweka, akaondoka, sikio akaliacha.

Alinieleza. Walimwita Mbale, ukumbi umejaa, watu mia nne. Alidhani watamuuliza mambo ya ng'ambo. Wakasema, tunataka ukurasa wa thelathini na mbili. Yeye hakujua ni upi. Mwalimu mmoja wa kike, Aidah, akasimama kumsaidia, akasoma kwa sauti.

"Mi nasimama pale nacheka, shemeji. Anasoma, mi nacheka tu, nafikiri ni yale mambo ya kikombe. Mpaka nikasikia jina la Egau." Akapitisha kiganja usoni. "Meno yangu yakabaki nje. Nikashindwa kuyarudisha ndani."

"Wakakuzomea?"

"Wakapiga makofi! Mzee mmoja akalia, akanishika mguu. Sasa kila mahali ni hiyo. Nakwenda Soroti, hiyo. Nakwenda kwa watoto wa shule, hiyo. Nikisema, ngojeni niwaambie jinsi nilishinda Nakuru, wanasema, Nakuru baadaye. Baadaye yenyewe haifiki. Nimeijua kwa kichwa. Mke wangu anasema naisema nikilala."

Nilikuwa namsikiliza, na kitu kilichokuwa kimebanwa ndani yangu tangu siku ile simsim zilipoungua kikaanza kulegea. Kumbe walikuwa hawajamwacha. Mzomewaji huzomewa siku moja akaenda zake. Huyu alikuwa anasimamishwa kila juma, mbele ya watu wanaompenda, kusema kwa kinywa chake jambo lile lile.

"Kwa nini hukusema si maneno yako?"

Akakizungusha kikombe cha chai mezani.

"Ungewaambia ni uongo," nikasema.

"Ningewaambia ni uongo?" Sauti yake ilikuwa ndogo. Kisha akavuta kiti. "Shemeji, niandikie barua. Wanataka kuchapa tena. Waambie watoe hiyo ukurasa. Nakuomba."

"Kuandika ndiyo kazi yangu." Nikatandika karatasi, nikachovya kalamu. Nikaandika tarehe na jina la ofisi. "Sema sababu, nami nitaiandika kama utakavyoisema. Neno kwa neno."

Nikangoja. Kungoja ninajua. Wino ukaanza kukauka kwenye ncha, nikachovya tena.

Hapo ndipo Egau alipotokea kona ya duka la Nasifu, anatembea taratibu zake, amekuja kunisaidia kubeba unga. Alimwona Elungat kutoka mbali na hakubadili hatua. Alipanda barazani.

"Yoga," akasema, kwa Kiteso, salamu kama ya mtu yeyote.

"Yoga," Elungat akajibu, akainuka nusu, akabaki ameinama.

Egau aliketi kwenye gunia la chumvi. Soko lina macho. Madina, muuza samaki, alikuwa amemtambua mtu wetu.

"Ni yeye! Jamani, ni yule wa ukurasa!" Akaja na harufu yake na wanawake wengine nyuma. "Mzee, tusemee basi, sisi hatukuenda Mbale."

"Leo nimechoka, mama."

"Umechoka, na wewe mkimbiaji? Hatukuambii ukimbie, tunakuambia useme!"

"Labda niwaambie vikombe vya..."

"Vikombe tunavyo nyumbani, vya chai! Na vingine havina mkono!" Wakacheka wote, hata Mzee Jamilu.

Elungat alinitazama. Ningeweza kuwafukuza. Ningesema mgeni anaumwa, wangeniheshimu. Nilichukua kitabu kilichokuwa chini ya meza, nikakifungua pale panapojifungua penyewe, nikamwekea mbele. Alijua kwamba ninajua hawezi kukisoma.

Akasimama. Akaanza. "Mimi Elungat nina jambo la kusema." Aliyasema maneno yangu vizuri, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama anavyosali mtu aliyezoea. Macho yake yalikuwa juu ya vichwa vya watu. Alifika pale pa kipande, akasema, "Nikakitoa mfukoni mwa shati lake, nikampa karani," kisha akageuka kidogo akamwona Egau kwenye gunia, na maneno yangu yakamwishia.

Madina alisema polepole, "Egau akafutwa..." akimkumbusha.

"Hapana," Elungat akasema. "Karani hakukipokea."

Hilo sikuliandika mimi.

"Mara ya kwanza hakukipokea. Alikitazama, akaniambia, kijana, rudisha ulikokitoa, mimi sijaona kitu. Nikarudi. Nikakirudisha kwenye shati. Nikakaa juu ya furushi." Alikuwa anasema na mtu mmoja sasa. "Wewe ukaja. Mwanamke mmoja alikupa maji kwenye chupa. Ukanywa nusu. Ukanipa nusu. Ukasema, kunywa, tutaomba wachukue watatu."

Egau hakujitikisa.

"Nikayanywa yote. Yalikuwa baridi. Nikanywa mpaka chini, nikafuta mdomo. Ndipo nikakitoa tena, nikaenda mara ya pili."

Hakuna aliyepiga makofi. Hajarah alikuwa mlangoni na birika mkononi, chai inamwagika mguuni pake taratibu. Wale wanawake waliondoka mmoja mmoja, bila kelele, kama watu wanaotoka kwenye nyumba ya msiba.

Egau akauliza, "Karani alikuambia urudishe?"

"Ndiyo."

"Alisema hajaona?"

"Ndiyo, ndugu yangu."

"Yule mtu," Egau akasema, "nimemchukia miaka minane." Akatazama mikono yake, ile ya barabara. "Bure."

Akainuka, akajitwika gunia langu la unga, akashuka barazani.

Elungat alibaki amesimama. Barua yangu ilikuwa bado juu ya meza, tarehe na jina la ofisi, chini yake hakuna kitu. Uso wake ulikuwa umeloa na hakuufuta. Mtu mwingine angemhurumia, na mimi, nisidanganye, mkono ulinisukuma nimguse begani. Niliutumia kufunika chupa ya wino.

"Na hiyo ya maji," akasema, "utaiandika, shemeji?"

"Hiyo si yangu kuandika. Jumapili wamekuita wapi?"

"Mulanda. Kanisani."

"Basi anzia hapo," nikamwambia. "Anzia kwenye maji."

Akaitikia kwa kichwa. Nikaikunja ile barua tupu, nikaiweka kwenye kikapu pamoja na karatasi nyingine za kuwashia moto, nikamfuata mume wangu.